Souness pale Anfield, 1991–1994: aliona tatizo, akakosea mpangilio

Kizazi cha sasa kinamjua Graeme Souness kama yule mzee wa televisheni ambaye hakuishiwa maneno ya kumponda Paul Pogba. Waliomwona akicheza wanamkumbuka kiungo mwenye masharubu ambaye mpira ukifika mguuni kwake ulitulia, na mguu wa mpinzani ukifika karibu yake ulikuwa hatarini. Kisa hiki kinamhusu Souness wa tatu, anayesahaulika haraka: kocha aliyekabidhiwa Liverpool mwezi Aprili 1991 na kuondoka Januari 1994 akiwa na kombe moja mkononi, huku nusu ya mji haitaki hata kumsikia.

Jibu la vijiweni ni jepesi. Alikuwa mkali kupita kiasi, akauza wazoefu, akajaza magarasa. Kuna ukweli ndani yake, ila halielezi kwa nini mtu huyohuyo, kwa ukali uleule, alitoka kuigeuza Rangers kuwa mfalme wa Scotland. Ukiupitia usajili wake na mazingira ya miaka ile unaona kwamba mengi aliyoyasema kuhusu Liverpool yalikuwa kweli. Kilichomwangusha ni mpangilio: alibomoa kabla hajajenga, tena katika kipindi ambacho vifaa vya kujengea vilikuwa vimepanda bei.

Kwanza wasifu, kwa ufupi. Alizaliwa Edinburgh mwaka 1953. Akiwa kijana alikwenda Tottenham, akakosa nafasi na uvumilivu, akauzwa Middlesbrough mwishoni mwa 1972 kwa pauni 30,000. Huko kocha Jack Charlton alimjenga, na Januari 1978 kocha Bob Paisley akamchukua Liverpool kwa pauni 352,000. Miezi minne baadaye alikuwa Wembley akimpenyezea Kenny Dalglish pasi iliyozaa bao pekee dhidi ya Club Brugge kwenye fainali ya Kombe la Ulaya. Aliondoka Liverpool akiwa na ubingwa wa ligi mara tano na Kombe la Ulaya mara tatu, la mwisho akiwa nahodha, Roma mwaka 1984, mbele ya AS Roma kwenye uwanja wao wenyewe. Usiku ule alipiga penalti yake na kufunga. Kisha akaenda Sampdoria, akasaidia kuleta Coppa Italia ya kwanza katika historia ya klabu hiyo, na akaona namna wachezaji wa Italia wanavyokula, wanavyolala na wanavyojitunza. Kumbukeni hilo la chakula, litarudi.

Rangers ilimpa kazi Aprili 1986 kama kocha mchezaji. Mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini kwa Hibernian, hakufika hata mapumziko: kadi nyekundu, Rangers ikalala 2-1. Msimu huohuo ulipoisha Rangers walikuwa mabingwa, baada ya kusubiri miaka tisa.

Ukitaka kuelewa yaliyotokea Anfield, uwanja wa Liverpool, kaa hapa kidogo. Kawaida wachezaji wa Scotland ndio waliokuwa wakishuka kusini kutafuta fedha, na Souness mwenyewe alikuwa mmoja wao. Yeye aligeuza njia. Alimng'oa Terry Butcher, beki wa kati wa timu ya taifa ya Uingereza, kutoka Ipswich, na kipa Chris Woods kutoka Norwich. Wakafuata Graham Roberts, Trevor Francis, Ray Wilkins, Gary Stevens na Trevor Steven. Iliwezekanaje? Rangers walikuwa tayari kulipa, hasa baada ya David Murray kuinunua klabu mwaka 1988. Zaidi ya hapo, klabu za Uingereza zilikuwa zimefungiwa na UEFA baada ya maafa ya Heysel ya 1985, mashabiki 39 walipokufa kwenye fainali ya Liverpool na Juventus. Mwingereza aliyetaka kucheza Ulaya bila kuhama kisiwa alikuwa na mlango mmoja mkubwa, nao ulikuwa Glasgow.

Alikuwa jasiri pia, hilo hatumnyimi. Mwaka 1989 alimsajili Mo Johnston, Mkatoliki aliyewahi kuichezea Celtic, mahasimu wa Rangers, katika klabu ambayo kwa miongo mingi ilikwepa kusajili Wakatoliki hadharani. Wapo mashabiki waliochoma skafu zao. Yeye hakurudi nyuma, na Johnston akafunga bao la ushindi dhidi ya Celtic Novemba mwaka huohuo.

Kwa hiyo kocha aliyeondoka Ibrox, uwanja wa Rangers, mwaka 1991 alikuwa na kila sababu ya kuamini mbinu zake: ingia, fagia, nunua, gombana na anayebisha, chukua kombe. Alichoshindwa kukipima, kwa maoni yangu, ni kiasi gani cha mafanikio yale kilitoka kwake na kiasi gani kilitoka kwenye pochi ya Murray na kifungo cha wenzake.

Liverpool aliyoikuta

Dalglish, aliyekuwa kocha wa Liverpool, alijiuzulu Februari 1991, siku mbili baada ya sare ya 4-4 na Everton kwenye Kombe la FA. Alikuwa amechoka. Tangu maafa ya uwanja wa Hillsborough, Aprili 1989, alikuwa amebeba msiba wa mji mzima, akihudhuria mazishi baada ya mazishi. Ronnie Moran akashika timu kwa muda, Liverpool wakamaliza nafasi ya pili nyuma ya Arsenal. Kwenye karatasi, Souness alipokea mabingwa wa 1990 waliokuwa washindi wa pili wa 1991. Nani angelalamika?

Ila Alan Hansen alikuwa ameshastaafu. Bruce Grobbelaar, kipa wa Zimbabwe, alikuwa na miaka 33. Ian Rush, Steve Nicol, Ronnie Whelan, Steve McMahon, Ray Houghton na Peter Beardsley wote walikuwa wamefika au wanakaribia miaka 30. John Barnes alikuwa bado kijana kiasi, lakini majeraha yalikuwa yanamnyemelea. Paisley angeliona tatizo hilo mapema na kuingiza damu mpya mmojammoja, huku wakubwa wakiendelea kushinda. Ndiyo ilikuwa siri ya klabu ile: mchezaji mpya alikaa timu ya akiba miezi kadhaa akijifunza, kisha akaingia pembeni ya watu wanaojua. Mwaka 1991 foleni hiyo ilikuwa fupi. Souness alisema timu imezeeka, na hakukosea.

Kisha kuna kanuni. Hii husahaulika sana kila kisa hiki kinaposimuliwa, na mimi naiweka mbele ya mengine yote. Liverpool walirudi Ulaya msimu wa 1991-92, msimu uleule UEFA walipoanza kubana idadi ya wageni: watatu, na wengine wawili tu waliokulia kisoka nchini. Kwa klabu ya Uingereza, mtu wa Scotland, Wales au Ireland alihesabiwa mgeni. Sasa chukua kikosi kilichoanza fainali ya Roma 1984. Souness, Dalglish na Hansen ni Scotland. Rush ni Wales. Lawrenson na Whelan walichezea Jamhuri ya Ireland. Grobbelaar Zimbabwe. Craig Johnston alizaliwa Afrika Kusini na kukulia Australia. Waingereza walikuwa watatu tu: Phil Neal, Alan Kennedy na Sammy Lee. Yaani mfumo mzima wa usajili uliomlea Souness mwenyewe ulikuwa umepigwa marufuku nusu yake siku anaketi kwenye kiti cha kocha.

Matokeo yake yalikuwa sokoni. Kila klabu kubwa ilihitaji Waingereza, bei yao ikapaa. Kifungo kilichomneemesha Glasgow kiliisha, na sheria zilizokuja baada yake zikamgeukia.

Aliyeondoka na aliyekuja

Beardsley aliuzwa Everton kwa pauni milioni moja. Narudia, Everton, mahasimu wa mji uleule, ng'ambo ya bustani ya Stanley Park. Steve Staunton, beki wa kushoto wa miaka 22, akaenda Aston Villa. Gary Gillespie akarudi Scotland, Celtic. McMahon aliondoka Desemba kwenda Manchester City, na kiangazi cha 1992 Houghton akamfuata Staunton pale Villa.

Upande wa kuingia, Dean Saunders alitoka Derby kwa pauni milioni 2.9, fedha nyingi mno wakati ule, na beki Mark Wright akatoka Derby hiyohiyo kwa milioni 2.2. Mark Walters alifuata kutoka Rangers. Katikati ya msimu akaja Michael Thomas kutoka Arsenal, kijana yuleyule aliyeinyang'anya Liverpool ubingwa wa 1989 kwa bao la dakika ya mwisho palepale Anfield. Mwaka 1992 wakaja David James na Paul Stewart; 1993 Nigel Clough, Neil Ruddock na Julian Dicks.

Mchukue Saunders peke yake. Derby ilikuwa timu ya kusubiri nyuma na kushambulia kwa kushtukiza. Saunders alikimbia kwenye uwazi nyuma ya mabeki, na alikuwa hatari kwelikweli. Anfield uwazi huo haupo. Timu zinakuja zimejipanga kumi nyuma ya mpira, na anayehitajika ni mtu wa kupokea mpira akiwa amebanwa, kugeuka katika nafasi ndogo na kumpa mwenzake. Mtu wa kazi hiyo alikuwepo, jina lake Beardsley, naye ameshauzwa upande wa pili wa bustani. Saunders alifunga mabao 10 ya ligi msimu wake wa kwanza, mengine akayafunga Ulaya ambako nafasi zilipatikana, manne katika mechi moja dhidi ya Kuusysi Lahti ya Finland. Septemba 1992 akauzwa Villa. Siku chache baadaye Liverpool wakaenda Villa Park, wakafungwa 4-2, mawili ya Saunders.

Villa wakamaliza wa pili kwenye Ligi Kuu ya kwanza, 1992-93, nyuma ya Manchester United. Ndani ya kikosi chao walikuwemo Staunton, Houghton na Saunders. Liverpool walikuwa wa sita. Beardsley naye alihamia Newcastle na msimu wa 1993-94 akafunga mabao 21 ya ligi akiwa na miaka 33. Hao ndio "wazee waliokwisha".

Mtetezi wa Souness atasema kanuni ya wageni ilimsukuma. Kwa Staunton na Houghton, waliochezea Ireland, hoja hiyo ina uzito. Kwa Beardsley haina hata chembe, maana alikuwa Mwingereza halisi, bidhaa ileile iliyokuwa adimu sokoni.

Basi la Melwood

Kulikuwa na desturi moja pale Liverpool ambayo mgeni angeicheka. Wachezaji hawakubadilisha nguo kwenye uwanja wa mazoezi wa Melwood. Walifika Anfield asubuhi, wakavaa jezi za mazoezi, wakapanda basi hadi Melwood, wakafanya mazoezi, kisha wakapanda basi tena na matope na jasho lao, wakarudi Anfield kuoga na kula. Waasisi wa utaratibu huo waliamini kwamba mwili unapaswa kupoa taratibu kabla ya maji na chakula. Tena ndani ya basi ndimo walimotaniana, wakasutana na kumalizana.

Souness aliliona kama mambo ya kizamani, akahamishia kila kitu Melwood. Vyakula vizito na vya mafuta vikapunguzwa, tambi na vyakula vya kiitaliano vikaingia. Mazoezi ya maandalizi ya msimu yakawa makali zaidi. Majeraha yalipoanza kuandama kikosi, hasa ya kano za kisigino, mafundi wa lawama hawakwenda mbali. Na chumba kile kidogo cha viatu, ambamo makocha wa Liverpool walikaa tangu enzi za Bill Shankly kunywa na kupanga mipango, kilibomolewa zama zake kupisha sehemu ya waandishi wa habari. Yeye amekana kwamba lilikuwa wazo lake. Hata hivyo, mji ulishaamua nani wa kulaumiwa.

Leo hakuna klabu kubwa inayowapakia wachezaji basi la matope ili wakaoge mtaa mwingine. Chakula alichokipigania Souness, Arsène Wenger alikuja kusifiwa nacho Arsenal miaka michache baadaye. Lakini Wenger alikuta mabeki waliozoeana miaka, akawaacha wote kwenye nafasi zao, akawabadilishia sahani tu. Souness alibadilisha sahani, basi, beki, kiungo na mshambuliaji ndani ya miezi ileile. Mchezaji mgeni alipotaka kuuliza "hapa tunafanyaje?", waliopaswa kumjibu ndio waliokuwa wanafungasha.

Naye hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Aliwapima wachezaji kwa kipimo cha Souness wa 1984, na wachezaji wa aina hiyo ni wachache mno duniani. Matokeo yakaja ya aibu: Peterborough iliwatoa kwenye Kombe la Ligi Desemba 1991, Bolton ikawafunga Anfield kwenye Kombe la FA Januari 1993, na katikati hapo, Desemba 1992, Coventry ikawapiga 5-1.

Aprili 15

Yote hayo yangesameheka. Lililofuata halikusameheka.

Aprili 1992, akiwa na miaka 38, Souness alikutwa na tatizo kubwa la mishipa ya moyo na akafanyiwa upasuaji. Tarehe 13 Aprili, yeye akiwa hospitalini, Liverpool walirudiana na Portsmouth kwenye nusu fainali ya Kombe la FA, wakashinda kwa matuta. Siku mbili baadaye gazeti la The Sun likatoa mahojiano ya kipekee kuhusu upasuaji wake, na picha yake ya furaha akimbusu mpenzi wake.

Ilikuwa Aprili 15. Siku ya kumbukumbu ya miaka mitatu ya Hillsborough, ambako mashabiki waliokwenda kutazama mpira walibanwa hadi kufa; leo idadi yao inatambuliwa kuwa 97. The Sun ndilo gazeti lililowazulia marehemu hao na manusura uongo wa kutisha kwenye ukurasa wa mbele siku nne baada ya maafa. Merseyside, yaani Liverpool na miji jirani, haikulinunua tena, na hadi leo maduka mengi ya huko hayaliweki.

Maelezo yake ni kwamba habari ilipaswa kutoka siku moja kabla, mechi ya Portsmouth ikachelewa kwisha kwa sababu ya matuta, gazeti likasogeza. Fedha alizolipwa alisema alizitoa kwa hospitali ya watoto ya Alder Hey. Sawa, tuyakubali yote. Bado tarehe haikuwa tatizo kuu. Hata kama ingetoka Machi au Agosti, kocha wa Liverpool alikuwa amekaa kuzungumza na The Sun. Mwaka 1989 Souness alikuwa Glasgow. Hakuzika na watu wa Liverpool kama Dalglish alivyozika. Hilo linaeleza kwa nini hakuhisi kina cha kidonda kile. Haliondoi ukweli kwamba klabuni palijaa watu ambao wangemweleza kwa dakika mbili kama angeuliza. Yeye mwenyewe amekuja kuomba radhi, na amesema alipaswa kujiuzulu wakati ule.

Tarehe 9 Mei alikuwa Wembley kwenye fainali ya kombe hilo la FA, dhaifu, daktari yuko karibu naye. Moran ndiye aliyeongoza timu kuingia uwanjani. Liverpool 2, Sunderland 0, mabao ya Thomas na Rush. Halafu waandaaji wakachanganya medali, mabingwa wakavishwa za walioshindwa, ikabidi wachezaji wa timu mbili wabadilishane wenyewe. Hakuna namna bora ya kueleza kombe lile: lilitwaliwa kihalali, na kocha aliyelitwaa alionekana kama aliyeshindwa.

Kuanzia hapo alikuwa anafanya kazi bila akiba. Kocha anayebomoa na kujenga upya huishi kwa subira ya jukwaa. Kila kipigo ambacho kingeitwa maumivu ya mpito sasa kiliitwa ushahidi. Msimu wa 1992-93 ulipomalizika, magazeti yalishaandika kwamba amefukuzwa. Mwenyekiti David Moores akambakiza kazini, akampandisha Roy Evans kuwa msaidizi wake. Januari 25, 1994, Bristol City wa daraja la chini walikuja Anfield wakashinda 1-0. Siku tatu baadaye Souness akajiuzulu.

Alichokiacha kinavuruga hesabu ya waliomchukia. Yeye ndiye aliyemtoa Rob Jones Crewe kwa pauni 300,000 na kumweka beki wa kulia papo hapo. Yeye ndiye aliyempa Steve McManaman nafasi ya kudumu, na Septemba 1993 akamwingiza Robbie Fowler, aliyefunga siku hiyo dhidi ya Fulham, na waliporudiana akafunga matano akiwa na miaka 18. Evans alichukua vijana haohao, pamoja na Jamie Redknapp na David James, akamaliza wa nne na kubeba Kombe la Ligi mwaka 1995. Hakuhitaji mapinduzi. Alihitaji kuwaacha wacheze.

Je, Souness alijifunza? Galatasaray alibeba Kombe la Uturuki 1996 mbele ya Fenerbahçe, bao likifungwa na Saunders huyohuyo, kisha akaenda kusimika bendera katikati ya uwanja wa wenyeji na kunusurika kupigwa. Blackburn alifanya kazi nzuri ya utulivu: aliwapandisha daraja 2001, akawapa Kombe la Ligi 2002, akamaliza wa sita 2003. Lakini Newcastle, alikokwenda 2004, palikuwa na chumba cha wachezaji wenye majina na vichwa vigumu, na ndani ya miezi michache Craig Bellamy alikuwa amegombana naye na kutolewa kwa mkopo Celtic. Alifukuzwa Februari 2006. Glenn Roeder, mtu mpole aliyekuwa ndani ya klabu tayari, aliikuta timu nusu ya chini ya msimamo na kikosi kilekile akakifikisha nafasi ya saba.